Sindano, vidonge, kisu au sahani: kipi kinagusa seli zipi za ubongo?

Ukiuliza mjini Kampala namna ya kupunguza uzito, majibu hayakosekani. Jirani atakutajia sindano ya kila wiki anayotumia dada yake aliyeko Dubai. Duka la dawa litakuonyesha vidonge. Kwenye WhatsApp utakutana na majani ya chai yenye picha ya tumbo la kabla na tumbo la baada. Daktari, akipata nafasi ya kukusikiliza, atakuuliza unakula nini usiku. Ukiyapanga majibu hayo yote mezani, bei peke yake haikuchagulii, na kilo zinazotajwa kwenye tangazo husaidia kidogo tu. Mimi huyapima kwa maswali mawili: kitu hiki kinagusa seli zipi za ubongo, na siku kikiacha kuzigusa, seli hizo zitafanya nini?

Swali la pili ndilo linalomaliza fedha za watu.

Seli zenyewe

Upande wa chini wa ubongo, katikati, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Ndani yake kuna kiini chenye umbo la upinde, na kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba hapo yanavutana makundi mawili ya seli. Kundi la AgRP huamsha njaa. Kundi la POMC huleta shibe. Yote mawili hukutana kwenye kipokezi kimoja, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe, kiitwacho MC4R: seli za POMC hutoa homoni inayokiwasha, seli za AgRP hutoa protini inayokizima. Kikiwashwa, unasukuma sahani mbali. Kikizimwa, unarudi jikoni kufunua sufuria.

Nguvu ya AgRP si ya kuchezea. Mwaka 2005 watafiti waliziua seli hizo ndani ya panya wazima, na panya wakaacha kula, chakula kiko mbele yao, hadi wakakaribia kufa. Mwaka 2011 wengine waliziwasha kwa mwanga, na panya waliokwisha kushiba wakaanza kula kwa pupa baada ya dakika chache. Mwaka 2015 likaonekana jambo ambalo bado linanichekesha: seli hizo huanza kunyamaza mnyama anapoona na kunusa chakula tu, kabla hajameza chochote. Kama nasi tuko hivyo, basi ukisimama mbele ya mkaanga roleksi, ile chapati ya mayai, pale Wandegeya, ubongo wako umeshapiga hesabu ya mlo ambao bado hujaulipia.

Picha ya makundi mawili ilianza kubomoka wanasayansi walipopata njia ya kusoma seli moja baada ya nyingine. Hapa tuelewane kuhusu jeni. Seli zote za mwili wako zina DNA ileile kwa sehemu kubwa mno. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa katika kila seli. Kwa mbali, stendi ya bodaboda ni vijana wa aina moja, koti moja, helmeti moja. Ukimhoji kila mmoja peke yake ndipo unagundua huyu ni wa Ntinda tu, yule hapandi mlima wa Kololo, na wa tatu hubeba mizigo ya Owino, habebi watu. Mwaka 2017 timu ya Boston iliwahoji hivyo takriban seli 21,000 za kiini cha upinde cha panya na jirani zake. Yalitoka makundi 50. AgRP zenyewe ziligawanyika, POMC zikagawanyika, na zikajitokeza seli nyingine za njaa na za leptini ambazo hazikuwamo vitabuni.

Leptini ni homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo akiba ni kiasi gani. Maabara ya Jeffrey Friedman, New York, iliitambua jeni yake mwaka 1994. Miaka 30 baadaye, 2024, maabara hiyohiyo ikaeleza kundi jingine la seli, zinazotambulika kwa jeni BNC2, ambazo leptini inaziamsha nazo zinazikandamiza AgRP haraka. Mwaka 2025 watafiti wa Cambridge na Köln walitoa ramani ya haipothalamasi ya binadamu yenye seli zaidi ya 400,000, nayo inaonyesha kwamba mahali fulani mtu si panya: vipokezi vinavyolengwa na dawa havikai sikuzote kwenye seli zilezile.

Kuna pia tofauti ya pili, ya mtu na mtu. Tangu 1998 tunajua kwamba wapo watu waliozaliwa na MC4R yenye hitilafu. Ndiyo sababu inayoongoza ya unene mkubwa unaotokana na jeni moja, na huanza utotoni kwa njaa isiyoisha. Wapo na wa upande wa pili, ambao MC4R yao inafanya kazi kupita kawaida. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba watu hao huwa wembamba zaidi na hupata kisukari kidogo zaidi. Kwa hiyo mwenzako wa ofisini anayekula matoke na mchuzi wa karanga mara mbili na hanenepi, huenda hana siri yoyote ya kukuuzia.

Sindano za wiki

Nitakaa hapa kidogo, maana ndizo zinazoulizwa zaidi.

Semaglutidi huiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1. Homoni ya asili hudumu katika damu dakika chache tu. Dawa hii hudumu kiasi kwamba sindano moja inatosha wiki. Katika panya, huingia kwenye kiini cha upinde, huamsha seli za POMC moja kwa moja, na huzituliza AgRP kwa kupitia seli nyingine. Lakini haiishii hapo. Inagusa pia ubongo wa nyuma, karibu na shingo, na huko ndiko jambo lilipo. Utafiti wa panya uliotoka 2024 ulionyesha kwamba huko nyuma kuna seli tofauti za shibe na seli tofauti za kichefuchefu, ingawa zote zina kipokezi kimoja cha GLP-1. Dawa ya leo haizibagui. Ndiyo maana watu wanapungua na wanatapika kwa sindano ileile, na ndiyo maana dozi hupandishwa polepole, mwezi kwa mwezi.

Kugusa sehemu nyingi kuna faida pia. Mwaka 2018 watafiti wa Denmark waliwapa watu wenye hitilafu ya MC4R dawa ya ukoo huohuo, liraglutidi, nao wakapungua. Njia moja ikiziba, dawa hii ina njia nyingine.

Matokeo? Katika jaribio kubwa la semaglutidi ya miligramu 2.4, watu wasio na kisukari walipungua wastani wa 14.9% ya uzito kwa wiki 68, na waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua 2.4%. Tirzepatidi, inayogusa vipokezi vya GLP-1 na vya homoni nyingine iitwayo GIP, ilifika 20.9% kwa dozi ya juu kwa wiki 72. Mwaka 2025 hizo mbili ziliwekwa uso kwa uso: tirzepatidi 20.2%, semaglutidi 13.7%. Kwa kilo peke yake mshindi anajulikana. Semaglutidi, hata hivyo, ina ushahidi wa 2023 kutoka kwa watu zaidi ya 17,000 wenye maradhi ya moyo na uzito uliozidi lakini wasio na kisukari: matukio makubwa kama mshtuko wa moyo na kiharusi yalipungua kwa 20%. Mtu aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo ana sababu ya kuutazama ushahidi huo kabla ya kutazama kilo.

Sasa swali la pili. Washiriki wa jaribio lile la kwanza walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Si uvivu. Seli za njaa hazikuwa zimefundishwa kitu kipya. Zilikuwa zimetulizwa, na kitulizo kikaondoka. Kwa hiyo ukinunua sindano za miezi mitatu kwa fedha za harusi, fahamu kwamba unachonunua ni miezi mitatu. Mtu asiyeweza kuilipia dawa hii mwaka wa pili na wa tatu ningemshauri asianze mpaka awe na mpango wa siku itakapokatika.

Kuna na mambo ya nyumbani. Sindano isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na haipaswi kuganda. Umeme ukikatika usiku kucha mtaani kwenu, hilo ni suala la tiba kama ilivyo dozi. Na bandia zipo: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutidi ghushi zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa zilipenya huko, usinunue kutoka kwa mtu anayefungua begi kwenye maegesho ya magari. Nunua kwenye famasi yenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, na umwombe mfamasia akuonyeshe namba ya toleo kwenye boksi na kwenye kalamu yenyewe. Mwenye saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula katika ukoo asitumie. Aliyewahi kuvimba kongosho aseme kabla, na mwenye vijiwe vya nyongo vilevile.

Vidonge

Hapa ubora unatofautiana sana, kwa hiyo sitavipa nafasi sawa.

Kinachovutia kisayansi ni mchanganyiko wa naltreksoni na bupropioni, ulioidhinishwa Marekani 2014. Ni dawa iliyobuniwa kwa kufikiria seli za POMC hasa. Bupropioni inazichochea, lakini seli hizo zikichochewa hutoa pia kemikali ya jamii ya afyuni inayorudi kuzizima zenyewe, na naltreksoni huzuia kuzimwa huko. Wazo zuri sana. Matokeo ni ya wastani: karibu 6% kwa wiki 56, dhidi ya 1.3% kwa vidonge visivyo na dawa. Ukishajua kwamba POMC si kundi moja bali familia yenye matawi, na kwamba AgRP hazikuguswa ipasavyo, hushangai. Asiitumie mwenye kifafa, mwenye presha isiyodhibitiwa, wala anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni.

Fentamini ni ya zamani, 1959. Huongeza noradrenalini, njaa hupungua, moyo hudunda kasi, usingizi hukimbia. Ni ya wiki chache, si ya mwaka, na mwenye maradhi ya moyo aiache kabisa.

Orlistati haigusi ubongo hata kidogo. Hufanya kazi tumboni, ikizuia takriban 30% ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Yasiyoingia yanatoka, na namna yanavyotoka utaijua mwenyewe ukiwa ndani ya teksi ya Kawempe saa ya foleni. Faida yake ni kama kilo tatu juu ya lishe peke yake. Seli za njaa zinaendelea na kazi yao kama kawaida. Mimi fedha hiyo ningenunulia maharage na mboga ya nakati.

Metfomini wengi wanaijua kama dawa ya kisukari. Hupunguza kilo mbili tatu hivi, na huenda sehemu ya kazi hiyo hupitia homoni iitwayo GDF15 inayogusa seli za ubongo wa nyuma. Ni ya bei nafuu, inapatikana hata mbali na mji, na kwa mwenye kisukari aina ya pili ndiyo kawaida huanza nayo. Anayetumia dolutegravia, ambayo Uganda ilianza kuifanya dawa kuu ya VVU tangu 2018, amwambie daktari, kwa sababu dolutegravia hupandisha kiwango cha metfomini mwilini na dozi hupaswa kuwekewa kikomo.

Yapo na makaburi, na ni vizuri kuyajua. Lokaserini ililenga kipokezi cha serotonini kilichoko kwenye seli za POMC. Ikaidhinishwa 2012, ikaondolewa 2020 kwa hofu ya saratani. Rimonabanti ilizuia vipokezi vya bangi ndani ya ubongo. Watu wakapungua, lakini wengine wakaingia katika huzuni kubwa na mawazo ya kujiua, na Ulaya ikaisimamisha 2008. Kipokezi unachokilenga kwenye seli ya njaa kipo pia kwenye seli ya furaha, na kidonge hakijui tofauti.

Njia hiyo ya serotonini huendeshwa pia kinyumenyume. Siproheptadini ni dawa ya mzio. Huzuia serotonini na kuongeza hamu ya kula, na wapo wanawake katika nchi nyingi za Afrika wanaoinunua ili waongeze makalio. Kama unaimeza hiyo asubuhi na chai ya kupunguza tumbo jioni, umeajiri watu wawili wavutane kamba.

Na iko setmelanotidi, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2020. Hii inawasha MC4R moja kwa moja. Ni ya watu wachache mno, wale ambao vipimo vya jeni vimethibitisha hitilafu katika jeni ya POMC, ya PCSK1 au ya kipokezi cha leptini, na wachache wengine walioongezwa baadaye. Kwa mtoto wa namna hiyo inabadilisha maisha. Kwa mtu mnene wa kawaida si dawa yake, na huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi, maana homoni inayoigwa hutia ngozi rangi pia.

Kisu

Upasuaji wa kupunguza tumbo husemwa kana kwamba ni kupunguza ukubwa wa mfuko tu. Ingekuwa hivyo, njaa ingebaki palepale. Katika ule unaoondoa sehemu kubwa ya tumbo, kinachotolewa ni pamoja na eneo linalotengeneza ghrelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani 1999, ambayo kazi yake mojawapo ni kuziamsha AgRP. Katika ule wa kuunganisha utumbo, chakula hufika mapema sehemu za mbali za utumbo, na GLP-1 hupanda baada ya kila mlo. Kwa lugha ya makala hii, daktari wa upasuaji anakata tumboni lakini anabadilisha barua zinazopelekwa ubongoni.

Ndiyo maana hudumu. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987 uliwakuta waliounganishwa utumbo wakiwa bado chini kwa takriban 25% miaka 10 baadaye, na vifo vilipungua kati ya waliofanyiwa upasuaji wakilinganishwa na wenzao. Hakuna kidonge chenye rekodi kama hiyo.

Gharama yake inalipwa mara moja kwa fedha, na maisha yote kwa vitamini: B12, chuma, kalisi, folati, na vipimo vya damu vya kila mara. Mwanamke asibebe mimba kwa mwaka mmoja na zaidi baada ya upasuaji. Vyama vya madaktari wa upasuaji huo, katika mwongozo wa 2022, vinaupendekeza kwa mwenye BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 35 na zaidi, na kuufikiria kuanzia 30 kwa mwenye kisukari au maradhi ya namna hiyo. Ukiambiwa ufanyie nje ya nchi, uliza kwanza nani hapa nyumbani atakuona mwezi wa sita, mwaka wa pili, mwaka wa tano. Kuona tumbo limepungua ni rahisi kuliko kugundua kwamba B12 imekwisha.

Sahani, na usingizi

Hii ndiyo njia inayodharauliwa na wauzaji, kwa kuwa haina cha kuuza, na inayosifiwa mno na wasiowahi kunenepa.

Ukweli mgumu kwanza. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne waliwapunguza uzito watu 50 kwa lishe ya wiki 10, kisha wakawapima damu. Leptini ilikuwa imeshuka, ghrelini imepanda, njaa imeongezeka. Mwaka mmoja baadaye homoni hizo zilikuwa bado hazijarudi. Yaani ukipungua kwa lishe, seli za AgRP zinasikia ujumbe wa njaa kwa muda mrefu hata kama umbile lako kwenye kioo linaonyesha akiba tele. Anayekuambia ni suala la nidhamu tu hajakutana na hizo seli.

Lakini si kila sahani inazipigia kelele sawa. Mwaka 2019 huko Marekani watu 20 walikaa ndani ya kituo cha utafiti, wiki mbili wakipewa vyakula vilivyosindikwa kiwandani, wiki mbili vya kupika kawaida, na ruhusa ya kula watakavyo. Kwenye vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku, bila kuambiwa. Jikoni mwa Uganda tuna bahati: matoke, maharage, mboga ya dodo, viazi vitamu, samaki wa ziwani havijawahi kupita kiwandani. Kinachotuangusha ni soda ya saa nne, mandazi mawili ya kusindikiza, mlima wa posho nyeupe, yaani ugali, usiku na bia za Ijumaa. Vinywaji hasa. Sukari ya majimaji hupita haraka na kuacha shibe kidogo.

Usingizi hutajwa mwisho kila mara ilhali ungefaa kutajwa mapema. Katika jaribio dogo la 2004, wanaume 12 waliolala saa nne tu kwa usiku mbili walishuka leptini kwa 18% na kupanda ghrelini kwa 28%. Askari wa ulinzi, muuguzi wa zamu na dereva wa basi la Kampala–Juba wanaanza mbio hizi wakiwa nyuma, na lishe yoyote wanayopewa inafaa kulizingatia hilo.

Kwa kisukari cha karibuni, sahani inaweza kushindana na dawa. Jaribio la Uingereza lililotoka 2017 liliwapa wagonjwa lishe kali ya kalori chache chini ya uangalizi wa kliniki, na baada ya mwaka 46% sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Chini ya uangalizi, narudia: anayetumia insulini akijaribu peke yake anaweza kuzimia.

Chai za tumbo

Kwa kifupi: hapana. Mara nyingi zina sena, inayokuharisha, na unachopoteza ni maji. Mbaya zaidi, mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekuta sibutramini imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Hiyo ni dawa iliyoondolewa Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Chai ikikukata njaa kabisa na kukukosesha usingizi, hayo si majani.

Nani achague nini

Mwenye kisukari aina ya pili na maradhi ya moyo au figo, na BMI ya 30 au zaidi, sindano ya jamii ya GLP-1 ni haki yake kuulizia. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa hizo katika orodha ya dawa muhimu kwa watu wa hali hiyo hasa. Orodha hiyo haileti dawa hospitali ya Mulago kesho asubuhi, lakini humpa daktari wako hoja.

Mwenye BMI ya 40, magoti yanauma, presha haishuki, na ana familia itakayomsimamia: apime upasuaji kwa uzito uleule anaopimia sindano. Kwa miaka mitano ya sindano unayolipa mwenyewe, hesabu yaweza kukushangaza.

Mwenye kilo saba au nane za ziada na vipimo vizuri: sahani, usingizi, kutembea. Simwoni mtu huyu akihitaji kugusa POMC kwa kemikali. Nchini kwetu uchunguzi wa kitaifa wa 2016 ulikuta 24% ya wanawake na 9% ya wanaume wana uzito uliozidi au unene, na wengi wao wana uzito uliozidi tu, hawajafikia unene.

Mzazi mwenye mtoto aliyenenepa mno kabla ya miaka mitano, anayeiba chakula usiku na kulia njaa dakika chache baada ya kula, asimchape na asimwekee mtoto sindano ya watu wazima. Ampeleke kwa daktari wa watoto na aulize waziwazi kuhusu MC4R na leptini.

Kabla ya kuongeza dawa, angalia unazotumia tayari. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake, hasa vijana. Olanzapini ya maradhi ya akili huongeza sana. Dolutegravia nayo, hasa kwa wanawake. Hakuna kati ya hizo unayoikata mwenyewe. ARV hasa, usiiguse. Na wapo wanaoogopa kupungua kwa sababu nyingine kabisa: hapa kwetu, tangu ugonjwa wa Rakai na Masaka wa miaka ya 1980 uitwe slim, mtu akikonda majirani hunong'ona. Nimesikia watu wakiacha tiba inayowafaa kwa ajili ya minong'ono hiyo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba unapungua kwa makusudi, naye atawajibu wengine.

Namba nilizotaja zilitoka zaidi kwa Wazungu na Wamarekani. Huku kwetu kazi imeanza: mwaka 2019 watafiti walichapisha jeni za watu wa Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, 6,400 kwa vipimo vya jumla na karibu 2,000 kwa kusoma DNA nzima. Moja ya waliyoyaona linahusu hata kipimo chako: tofauti ya jeni ya thalasemia ya alfa (hali ya kurithi ya damu), ya kawaida kwa watu wa huko, inahusiana na namna HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kadhaa, inavyosomeka. Kwa hiyo namba ya HbA1c isiyolingana na sukari ya kidole asubuhi iulizwe, isipokelewe tu kimya.

Na kwa wanawake wanaoanza tirzepatidi huku wakimeza vidonge vya uzazi wa mpango: dawa hii hupunguza nguvu ya vidonge hivyo. Tumieni kondomu kwa wiki nne baada ya kuanza, na wiki nne kila dozi inapopandishwa, au mhamie kwenye njia isiyomezwa. Anayepanga mimba aache semaglutidi miezi miwili kabla.